Uzi ndio uliokufa, kitambaa kizima. Safari hii nishone nini kufunikia tanga la mashua?

Mzawa_wa_Sahare

Wadau, salamu. Wakubwa shikamooni.

Nina mashua ya futi 26 hapa Sahare, Tanga. Kazi yake kupeleka wageni kwenye fungu la mchanga na Yambe, na siku isiyo na wageni inalala nangani inaungua jua. Tanga lake ni la pamba, nimelishonesha mwaka juzi kwa mkopo wa kikoba ambao nimemaliza kuulipa juzijuzi tu, kwa hiyo msinione mchoyo nikililia kitambaa.

Mwanzo nilikuwa nalifunika kwa turubai la plastiki, yale ya bluu. Mwezi wa kwanza safi. Wa tatu likaanza kubanduka maganda kama kitunguu, yanapeperuka yanaangukia majini, mpaka wavuvi wakaanza kunisema. Nikalitoa.

Mwezi wa 12 nikanunua maradufu (kitambaa kizito cha pamba) ya kijani, nikaenda kwa fundi mmoja mjini (simtaji) akanishonea mfuko mrefu wa kuvisha tanga likishafungwa kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga. Ujira elfu 35. Nikajiona nimemaliza. Mwezi huu wa saba, kusi limekaza siku tatu mfululizo, nafika asubuhi nakuta mfuko umefumuka kuanzia omo (mbele) mpaka katikati, umelala wazi kama ng'onda. Nikadhani kitambaa kimeoza. Nikakishika mikono miwili nikakivuta kwa nguvu zangu zote: kizima, hakisemi kitu. Nikashika uzi wa mshono, nikaukata kwa kucha.

Fundi nikamrudia. Akanijibu, "Jua la Tanga hilo, kaka." Jua nalijua, nimezaliwa nalo. Ninachotaka kujua ni kwa nini jua hilohilo limekula uzi likaacha kitambaa.

Sasa nataka kushona mwenyewe. Ninayo cherehani ya miguu ya marehemu mama, Butterfly nyeusi yenye maua ya dhahabu, na kushona kwa mstari mnyoofu najua, nimeshona mifuko ya shule ya wanangu wote. Naomba mnisaidie: kitambaa gani, uzi gani, na cherehani hiyo itaweza au nitaiua? Na nikishajua, nataka pia kivuli cha wageni, kama mita 3 kwa 2 na nusu.

Chuma_Chakavu

Mkuu usijitese. Tafuta mabango ya kampeni za zamani, watu wanafunikia mabanda ya kuku. Kivuli cha boti yangu kina sura ya mgombea udiwani aliyeshindwa, wageni wananiuliza kama ndiye mwenye boti.

Mama_Leza

Kaka pole. Mimi nashona sofa na viti vya daladala hapa Ngamiani, mwaka wa 19 huu. Bahari siijui, naogopa hata kivuko cha Pangani, lakini uzi naujua.

Swali lako la jua na uzi lina jibu rahisi. Kitambaa kina unene. Jua likichoma uso wake, chini bado kuna nyuzi nzima zilizojificha. Uzi wa mshono ni mwembamba na umekaa juu ya kitambaa, hauna pa kujificha. Ukute basi fundi wako kaweka uzi wa magauni, ule wa vibobini vidogo vya rangi rangi. Kuapa siwezi, lakini viti vya namna hiyo naletewa kila wiki: leza nzima, mishono imeachana.

Wenzangu wa pwani mnapenda uzi wa nyavu, wa nailoni, kwa kuwa hauozi majini. Kweli hauozi. Ila jua linaumaliza, halafu ukilowa unalegea, ukikauka unakunja mshono wote kama sketi ya shule. Taka poliesta, na iwe nene, ile tunayoshonea viti. Muuzaji akikwambia "hii ni poliesta", mwombe kipande cha urefu wa kidole ukichome kwa kiberiti. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu. Poliesta inayeyuka kwa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu cheusi. Nailoni nayo inayeyuka, lakini moshi wake si mzito hivyo, na kishanga chake kinakuwa cha kijivu au kahawia. Vitambaa nao ni hivyohivyo, chukua kiberiti dukani bila haya.

Butterfly yako itaweza, ila usiikimbize. Sindano namba 18, si 14 uliyoachiwa humo na mama. Kikopo cha bobini kina skrubu ndogo pembeni, ilegeze robo mzunguko, maana uzi mnene hautapita. Hatua ya mshono peleka mwisho kabisa, iwe ndefu. Hatua fupi kwenye kitambaa kizito ni sawa na kutoboa stempu, unajichorea pa kuchanikia. Ukifika penye tabaka tano au sita, miguu iache, zungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja moja. Na nunua uzi wa kutosha: kila mita ya mshono hesabu kama mita 3 za uzi, juu na chini pamoja.

La mwisho, hili hutaambiwa na mtu. Meno ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini, cha juu kinachelewa. Kwenye mto wa sofa huoni kitu. Kwenye mshono wa mita 8 utafika mwisho na cha juu kimezidi vidole vinne, na mfuko wako utakaa umejipinda kama muwa. Kabla hujashona, laza vipande vyote viwili pamoja, uweke alama ya chaki kila sentimita 30. Ukishona, alama zikutane. Zisipokutana simama, fumua palepale, usijidanganye itajirekebisha mbele.

Mzawa_wa_Sahare

Dada Mama Leza, Mungu akuzidishie. Kumbe hata mifuko ya shule nilikuwa naipinda, nikidhani ni wanangu wanabeba mawe.

Chuma, asante lakini plastiki nimeapa. Na sura hiyo itanifukuzia wageni.

Fundi_Dofra

Marahaba, wanangu. Niko Kigombe, nimeshona matanga tangu nikiwa na miaka 14, sasa macho yananiangusha nashona kwa kupapasa. Hii naandikiwa na mjukuu.

Mama Leza kasema vizuri, sina la kuongeza kwenye uzi. Nakuuliza wewe nahodha: mfuko wako ulikuwa ukipiga?

Nina maana hii. Upepo ukivuma usiku, mfuko ulikuwa kimya au ulikuwa unasema? Kama ulikuwa unasema, basi hata ungeshonwa kwa waya ungeachana. Kitambaa kinachopiga kinajifumua chenyewe, mara elfu kwa usiku mmoja. Fundi wa nguo hupima mwili halafu anaongeza nafasi ya kupumua. Sisi hatuongezi. Kifuniko cha tanga kinabanwa.

Usipime kwa tepu. Chukua lile turubai lako la bluu bovu, au mfuko huo uliofumuka, uvishe juu ya tanga lililofungwa, ubane kwa vibanio vya nguo, uchore palepale chomboni. Foromali si bomba. Tanga likifungwa linakuwa nene katikati na jembamba ncha mbili, na upande wa demani (upepo unakoelekea) haulingani na upande wa joshi (upepo unakotoka). Andika kwenye kiolezo juu wapi, chini wapi, omo wapi, tezi (nyuma) wapi, maana ukishafika barazani vipande vyote vinafanana.

Kitambaa mimi nabaki na pamba. Sisemi kwa uzee. Pamba ikilowa nyuzi zake zinavimba, matundu ya sindano yanajiziba yenyewe, na jua likitoka inatoa mvuke nje. Turubai la lori halipitishi maji kweli, lakini haliruhusu kitu kutoka. Ukifunika tanga lenye unyevu kwa hilo, baada ya wiki unafunua koga jeusi. Baba yangu alishona matanga kwa marekani, ile iliyobeba jina la nchi ya wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walioileta Unguja enzi za Sayyid Said, na kabla ya kuyatumia aliyachovya maji ya magome ya mkandaa yakawa mekundu kama udongo. Nasi nyavu za pamba tulichovya humo. Siku hizi mikoko inalindwa, nawe usiende kubandua magome ukasema mzee wa Kigombe kanituma.

Lakini maradufu iloweshe kwanza. Usiku kucha kwenye pipa la maji, ianike, ikauke kabisa, ndipo ukate. Pamba mpya inarudi. Ukikata mita 8 kavu, mvua za masika zitakurudishia mfuko wa mita 7 na nusu.

Chini usiufunge moja kwa moja. Acha uwazi wa vidole vitatu unaotazama maji, na kamba za kufungia kila nusu mita, ufunge kwa kukaza. Upepo uingie polepole kwa chini, mvua isiingie kwa juu. Na tanga lenye chumvi usilifunike ukadhani ni kavu. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, kitambaa kinabaki baridi siku zote. Limwagie maji ya kisima, hata ndoo nne, halafu lifunguliwe likauke.

Kuhusu kivuli. Kingo zake usizikate kwa mstari mnyoofu, watu wote wanakosea hapa. Ukingo mnyoofu ukishika upepo unavimba na kutetemeka, prrrr, wageni wako hawatasikiana. Chukua ufito mwembamba, kaza ncha zake kwenye pembe mbili, katikati usukume uingie ndani kama upinde, chora kwa chaki. Ukingo wa mita 3 uingie ndani sentimita 10 hivi. Ukivuta pembe nne, ukingo wote unakaza wenyewe kama ngozi ya ngoma. Pindo lake lipitishie kamba ndani, uzito uvutwe na kamba, kitambaa kisibebe.

Pembe usishone kwa cherehani hata ukibembelezwa. Tabaka nane, shazia (sindano kubwa ya matanga) na dofra (kinga ya kiganja ya kusukumia sindano). Kama huna dofra ya kiganja njoo uchukue yangu, imekaa tu. Nauli ni yako.

Baharia_Mstaafu

Shikamoo Mzee. Hapo kwenye kingo za kivuli nimecheka, nilikaa miaka sita kwenye yoti za wazungu kati ya Kilindini na Raskazone, na ile tetemeko tuliiita "redio".

Nichangie upande wa pili. Kwa tanga lako la pamba namkubali Mzee. Lakini kwa kivuli, kinachokaa juani mchana kutwa na hakifunikwi na kitu, fikiria kitambaa cha akriliki ya baharini. Sunbrella ya Marekani ndiyo wanayoitaja sana, ipo tangu 1961. Ina gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, na upana wa kawaida ni mita 1.5. Siri yake ni kwamba rangi imetiwa kwenye malighafi kabla nyuzi hazijavutwa. Ni boga: kata popote, rangi imo. Kitambaa kilichotiwa rangi baadaye ni ukuta uliopigwa chokaa. Akriliki inapumua, haishiki koga kirahisi, na jua linaishughulikia kwa miaka badala ya miezi. Haishindi pamba kwenye msuguano. Popote inapogusa mlingoti au kamba, shonea kiraka cha leza kwanza, usisubiri itoboke.

Ukikata, kata kwa kisu kilichopashwa moto kwenye jiko la mkaa, ukingo uyeyuke kidogo ujifunge, la sivyo utakuwa unaokota nyuzi mpaka Idi. Osha kwa maji baridi na sabuni laini. Maji ya moto yanaondoa dawa ya kuzuia maji.

Mpya ni ghali, sitakudanganya. Ila hoteli zenye miamvuli mikubwa ya ufukweni hubadilisha vitambaa kwa kuwa vimepauka au vina doa, si kwa kuwa vimechoka. Uliza kabla havijatupwa. Nenda na kiberiti cha Mama Leza: akriliki inawaka haraka, moshi mweusi, inaacha donge jeusi lisilo na umbo.

Rangi: nyeupe itawaumiza wageni macho, nyeusi itawapika. Khaki.

Mzawa_wa_Sahare

Mzee wangu shikamoo. Nimekwenda chomboni na mfuko mbovu. Kwenye ncha ya tezi nimepitisha ngumi mbili kati ya kitambaa na tanga. Ulikuwa unasema kweli, na mlinzi wa pwani amenithibitishia kwamba usiku ulikuwa "ukipiga makofi". Hakuwahi kuniambia kwa sababu hakujua kwamba ni vibaya.

Kwa hiyo ni mawili, uzi na nafasi. Fundi namsamehe nusu, nafasi nilimpa mimi vipimo.

Sitashona sasa hivi. Nimetega nyuzi nne juu ya bati la jikoni, zimefungwa misumari: pamba, nailoni ya nyavu, poliesta ya nguo na poliesta nene ya viti niliyonunua jirani na Mama Leza. Mke wangu ameuliza kama naanika tambi. Nitarudi.

Chuma_Chakavu

Taarifa: mgombea wangu amechanika paji la uso. Naanza kusoma uzi huu upya kutoka juu.

Mzawa_wa_Sahare

Nimerudi wadau, kaskazi hilo limeingia. Nyuzi zimekaa batini miezi mitatu na nusu.

Pamba: niliigusa tu ikakatika, na sehemu iliyokuwa chini ya kichwa cha msumari bado nzima. Nailoni ya nyavu ilikuwa nyeupe, imekuwa rangi ya samli, na nilipoivuta ilikatika bila kunikata mkono. Mnaijua ilivyo mpya, inakata kidole. Poliesta ya nguo ilijitahidi, ikakatika nilipoizungusha kidoleni na kuvuta. Poliesta nene imenichora mstari mwekundu kiganjani na haikukatika. Basi, nikanunua kirungu kizima cha hiyo.

Kifuniko cha tanga ni maradufu, nimeilowesha usiku mbili. Ilikuwa mita 9 kutoka dukani, asubuhi ya pili nikapima mita 8 na sentimita 55. Mjukuu wa Mzee amwambie babu yake.

Kiolezo nilichora kwenye turubai la bluu, limepata kazi ya mwisho kabla ya kufa. Alama niliweka kila sentimita 30 kama nilivyofundishwa. Kwenye alama ya 11 nikaona zimepishana nusu sentimita, nikasema ah, itajirekebisha. Alama ya 15 zimepishana mbili. Nikafumua mita nzima kwa wembe, taa ya simu mdomoni, huku nasikia sauti ya dada ambaye sijawahi kumwona. Sindano nimevunja tatu, zote palepale pindo linapokutana na mshono wa kati, kwa sababu nilikanyaga badala ya kuzungusha. Na kipande cha joshi nilikishona ndani nje, pamoja na kwamba niliandika kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimeandika upande ule mwingine.

Sasa kiko juu ya tanga. Hakina nafasi hata ya kidole. Usiku wa juzi upepo ulikaza, nikavaa koti nikaenda kusikiliza pwani saa nane. Kimya. Mlinzi ananiona kama nimepatwa.

Kivuli nimepata akriliki ya miamvuli kutoka hoteli moja njia ya Pangani, vitambaa vinne vilivyopauka, vya pembe tatu tatu, kwa hiyo nimeunga na kina mishono mingi kuliko nilivyotaka. Kingo nimechora kwa ufito. Pembe mbili zimeshonwa kwa mkono, mbili bado. Kunguru wameshakipiga chapa siku ya kwanza, nimeosha kwa maji baridi.

Mama Leza, nitapita Ngamiani wiki hii na samaki, nielekeze kiwanda chako kiko barabara ya ngapi.

Mama_Leza

Barabara ya 12, uliza wanaoshona viti. Samaki awe changu, usiniletee dagaa.

Fundi_Dofra

Mjukuu amenisomea yote. Kuhusu zile sentimita 45, sikushangaa.

Pembe mbili zilizobaki shona wiki hii, usitumie kivuli na pembe mbili tu, kitavuta upande. Kila tundu pitisha uzi mara mbili, na uzi uupake nta kwanza. Halafu dofra yangu niletee kabla ya bamvua (maji makubwa) lijalo, kuna mtu wa Moa anakuja na tanga la dau na nimemwahidi.